Kamba ya Yuniti ya Kwandege

KITUO CHA POLISI, KITALE
MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Mtoto Chesang, umri miaka tisa, kuanguka shimoni katika Shule ya Msingi ya Kwandege, Alhamisi tarehe 14 Juni 2007
Jina la shahidi: Mulki Hamid Salman
Umri: Miaka kumi na minane
Kazi: Msaidizi wa kujitolea shuleni
Makao: Nyuma ya msikiti, mjini Kitale
Yameandikwa: Jumamosi tarehe 16 Juni 2007, kuanzia saa nne asubuhi, mbele ya Koplo Nyaruai

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Baba yangu hushona viti vya magari na mama yangu, Zaitun, ana duka la vitambaa. Tangu mwezi wa pili mwaka huu nasaidia katika Shule ya Msingi ya Kwandege, nje kidogo ya mji, kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalum. Darasa hilo wote tunaliita yuniti. Nilifika huko kwa sababu mwalimu wa yuniti, Madam Dinah Nasike, alikuja dukani kununua vipande vya vitambaa, akamwambia mama kwamba anatafuta mtu wa kumsaidia. Mama akasema, "Huyu wangu haongei, lakini mikono anayo." Kesho yake nikaenda.

Koplo ameniuliza kama mimi ni mwalimu. Mimi si mwalimu. Ningependa kuwa.

Yuniti ina watoto ishirini na watatu na mwalimu mmoja. Wengine hawasikii, wengine hawasemi, wawili hutembea kwa kushikiliwa. Kimaiyo, mvulana wa miaka kumi na miwili, ana kifafa. Chesang hasemi, ila huvuma mdomo ukiwa umefungwa, na ukimzoea unajua mvumo wa furaha na ule wa hofu. Koplo ameniuliza kwa nini watoto ni wengi hivyo. Ninachojua ni kwamba tangu masomo yawe ya bure, wazazi waliokuwa wanawaweka watoto hawa nyumbani wamewaleta, na hakuna yuniti nyingine karibu. Madam hajamrudisha hata mmoja. Chakula cha mchana hula akiwa amesimama. Akimfundisha mmoja kushika penseli, anamfuta mwingine kamasi kwa mkono wa pili, na macho yako kwa wa tatu aliye mlangoni.

Koplo ameweka kamba mezani na kuniuliza kama naitambua. Naitambua. Ni kamba ya katani, ina mafundo, na kila fundo lina kitambaa cha rangi yake. Vitambaa hivyo vilitoka dukani kwetu. Tukitoka nje, kwenda chooni au kwenye mfereji au gwaride la asubuhi, kila mtoto hushika fundo lake. Madam hutangulia na mimi hufuata nyuma nikishika ncha. Mtoto akiachilia, kamba hulegea na sisi tunaisikia mkononi kabla hata ya kumtazama. Fundo la Chesang ni hili jekundu, la tatu kutoka mbele.

Nimeulizwa kama watoto walikuwa wanafungwa kwa kamba hii. Hapana. Sijaona mtoto akifungwa hata siku moja. Mtoto akitaka kuachilia anaachilia. Kazi ya kamba ni kutuambia kwamba ameachilia. Madam aliwahi kuniambia kuwa kabla mimi sijaja, alipokuwa peke yake, alikuwa anajifunga ncha ya nyuma kiunoni, watoto wanatembea wakimzunguka. Kama kuna mtu aliyefungwa na kamba hii, ni yeye.

Mnamo tarehe 13 Juni, siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Mkuu, Bwana Absalom Wekoye, alikuja yuniti. Alisema kesho yake tutapata wageni. Ni kamati inayozunguka kukusanya maoni kuhusu mswada wa sheria. Sheria hiyo, kama nilivyoelewa, inataka mwalimu mmoja wa watoto wenye mahitaji maalum asipewe zaidi ya watoto kumi, na awe na msaidizi anayelipwa. Wageni wangeanza kwetu asubuhi, halafu mchana wasikilize watu katika ukumbi mmoja mjini Bungoma.

Madam Dinah alifurahi. Alisema, "Wacha waje waone."

Mwalimu Mkuu akasema, "Waone nini, Madam? Hii sheria ikipita, mimi nifanye nini? Kumi wabaki, kumi na watatu niwapeleke wapi? Nikasimame getini nichague?"

Madam akasema, "Sheria haisemi watoto wafukuzwe. Inasema walimu waongezwe."

"Na hao walimu watatoka wapi? Wataanguka na mvua? Mimi nimeandika barua mpaka kalamu imechoka. Wakiona vibaya watafunga yuniti, basi. Ni rahisi kufunga kuliko kuajiri."

Nasema hili kwa sababu sitaki ionekane Mwalimu Mkuu hawapendi wale watoto. Mlango wa darasa letu aliupanua yeye mwenyewe siku ya Jumamosi, na msumeno alitoka nao nyumbani, ili kiti cha magurudumu kipite.

Halafu akaiona kamba ukutani. Akasema, "Na hii itoke. Mgeni akiona watoto wameshikana na kamba atasema ni ng'ombe wa mnada." Aliitoa kwenye msumari yeye mwenyewe, akaiweka stoo, akafunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Madam alisema, "Mwalimu, siku moja tu, na kesho mchana inarudi." Akajibu, "Wageni wakitoka tu, inarudi."

Alhamisi tarehe 14 nilifika saa moja na nusu asubuhi. Nilikuta walimu watatu wa madarasa ya kawaida wamepelekwa yuniti, mmoja wao Mwalimu Nekoye wa Darasa la Sita. Kila mmoja alikuwa ameambiwa aketi na kikundi cha watoto. Hii si mara ya kwanza. Wakija wageni wowote, walimu huazimwa, kama vile viti vya ofisi vinavyohamishwa kwenda alipo mgeni. Mwalimu Nekoye aliketi karibu na Chesang, akaninong'oneza, "Mulki, huyu anaitwa nani? Nisije nikaaibika." Nikamwambia. Akasema, "Na mbona ananipaka udongo?" Nikamwambia Chesang akipenda mtu humpaka udongo shavuni. Hupenda udongo uliochimbwa karibuni, ule wenye baridi. Mwalimu Nekoye akacheka na kusema, "Basi leo nimependwa. Bwana yangu asikie."

Wageni walifika saa tatu. Walikuwa wanne, pamoja na dereva. Mmoja alikuwa mama mwenye miwani ambaye ndiye aliyeuliza maswali mengi. Jina lake silijui. Aliangalia darasa, akamwambia Madam Dinah, "Mwalimu, hapa naona mko wanne na msichana mmoja. Mko hivi kila siku?"

Madam alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akasema, "Hapa tunashirikiana sana, mheshimiwa."

Mama yule akasema, "Nimemuuliza mwalimu."

Madam akasema, "Mheshimiwa, nikijibu hapa nitajibu mbele ya mkubwa wangu, na yeye pia ana shida zake. Nipeni nafasi nijibu kule Bungoma, mbele ya watu wote."

"Basi njoo. Gari lina nafasi."

Madam akasema, "Siwezi kuacha watoto."

Hapa Koplo ameniomba nieleze polepole, nami nimefanya hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Mwalimu Mkuu alikuwa mbele yangu, karibu sana. Alisema hivi, na wageni wote walisikia: "Nenda tu, Madam. Si unaona walimu wamejaa? Hawa watakaa na watoto mpaka jioni." Hakuweza kusema kingine, kwa sababu wageni walikuwa wanawaona wale walimu. Kwa hiyo Madam Dinah hakuondoka bila ruhusa. Alipewa ruhusa na Mwalimu Mkuu mwenyewe, na Mwalimu Mkuu naye akapanda gari lilelile.

Madam alipokuwa akichukua mkoba wake aliniambia, "Mulki mama, chukua ufunguo wa stoo. Bila kamba usitoke nje na hawa." Nikakimbia hadi kwenye gari. Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi dirishani akizungumza na mgeni. Nilisimama hapo chini ya dirisha. Aliniona akasema, "Baadaye, binti." Nilisema "ufunguo," lakini injini ilikuwa imewashwa na sauti yangu ni ndogo. Gari likaondoka. Ilikuwa saa nne na nusu.

Walimu walioazimwa hawakukaa. Gari lilipopita geti, wa kwanza alisimama, na wa pili akamfuata. Mwalimu Nekoye aliondoka mwisho. Alinishika bega akasema, "Pole, mami. Wangu ni sitini na wanane na wamekaa bila mtu tangu asubuhi. Kama ni kupigana, sasa wameshauana." Siwalaumu. Nilikuwa nasikia kelele za Darasa la Sita kutoka pale nilipokuwa.

Nilibaki na watoto peke yangu. Tuliimba, tukapanga vizibo vya soda kwa rangi, tukala githeri. Baada ya kula walihitaji choo. Nilijaribu kuwachelewesha, lakini watoto wadogo hawacheleweshwi. Saa saba na dakika chache nilitoka nao. Kwa kuwa sikuwa na kamba niliwaambia washikane mikono. Chesang hapendi kushikwa mkono. Akishikwa hupiga kelele na kujiuma. Anachokubali kushika ni fundo lake tu. Nikamweka mwisho, karibu nami, nikawa namtazama kila hatua.

Tulipofika kwenye mfereji Kimaiyo alianguka. Kifafa kilimshika vibaya. Kichwa kilikuwa karibu na ukingo wa saruji. Nilipiga magoti, nikakiondoa kichwa pale, nikavua sweta nikaiweka chini yake, nikamlaza ubavu kama Madam alivyonionyesha. Wengine walianza kulia. Mmoja alitaka kumlalia. Nilimzuia kwa mguu. Sijui ilichukua muda gani. Kimaiyo alipoanza kuvuta pumzi vizuri, niligeuka kuhesabu, na Chesang hakuwepo.

Koplo ameniuliza kwa nini sikumwangalia Chesang wakati ule. Nimelifikiria swali hili tangu Alhamisi. Jibu ni kwamba nilikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilikuwa chini ya kichwa cha Kimaiyo. Ningeutoa mmoja, kichwa kingegonga saruji. Sikuwa na kitu cha kushika ambacho kingeniambia kwamba ameachilia.

Nilipiga kelele kumwita. Kisha nikawavuta watoto hadi mlangoni kwa Darasa la Sita, Kimaiyo nikiwa nimembeba. Mwalimu Nekoye alikuwa anaandika ubaoni. Akasema, "Mulki, ngoja niwape hawa kazi." Nikasema, "Chesang amepotea." Akaiacha chaki hapohapo. Aliwaingiza watoto wangu wote darasani mwake, wakakaa sakafuni katikati ya madawati, akanipa simu yake. Akasema, "Mpigie Dinah. Mimi natazama barabarani."

Nilimpigia Madam Dinah. Simu iliita mara ya kwanza haikuchukuliwa. Mara ya pili alichukua. Nilisikia ukumbi, watu wengi, na sauti ya mwanamume ikisema kwa kipaza sauti, "Mwalimu, zima simu tafadhali, uendelee. Wengine wanasubiri."

Madam akasema, "Mheshimiwa, ngoja. Darasa langu liko kwa hii simu." Kisha akaniambia, "Sema, Mulki."

Nikasema, "Chesang hayupo."

"Mko wangapi hapo?"

"Mimi tu."

"Wale walimu?"

"Walirudi."

"Na kamba?"

Nikasema, "Ufunguo uko huko kwenu."

Kule ukumbini kelele zilikuwa zimepungua. Kisha Madam akasema, bila haraka, kama anavyoongea darasani, "Usimtafute barabarani. Tafuta palipochimbwa. Wapi wamechimba leo au jana?"

Nikakumbuka shimo la choo kipya. Madam mwenyewe ndiye aliyeomba tangu mwaka jana choo kijengwe karibu na yuniti, watoto wasitembee mbali. Fundi Daud alikuwa analichimba nyuma ya darasa letu. Siku hiyo aliambiwa asichimbe mpaka wageni waondoke, naye akaliziba mdomo kwa matawi na kwenda zake. Nilipomkuta baadaye alikuwa anarudi na sururu begani.

Nilikimbia huko nikiwa na simu sikioni. Matawi yalikuwa yamezama katikati. Nilisikia mvumo wake, ule wa hofu. Nilichungulia nikamwona ameketi chini, mguu wa kushoto umekaa vibaya, na mashavu yote mawili yamepakwa udongo. Shimo lilikuwa refu kupita mtu mzima.

Fundi Daud alifika akasema, "Bana, mtoto tena! Si niliweka matawi!" Alitaka kuteremka kwa vishimo alivyochonga ukutani kuweka miguu. Lakini alipoanza tu, Chesang alipiga ukelele na kuanza kujirusha ukutani, na udongo ukawa unamporomokea. Fundi akapanda tena. Akateremsha kamba yake ya ndoo, akasema, "Shika, mtoi, shika nikutoe." Chesang hakuitazama. Fundi akaniambia, "Huyu hanisikii ama hanitaki?"

Nilimweleza Madam kwenye simu. Akasema, "Mpe kamba yake. Vunjeni."

Fundi Daud alivunja kufuli ya stoo kwa sururu. Najua Mwalimu Mkuu ameripoti kwamba kufuli ilivunjwa. Ilivunjwa na fundi, kwa maneno yangu, kwa sababu Madam aliagiza. Tulirudi na kamba, nikaiteremsha mimi mwenyewe, nikiwa nimelala kifudifudi ukingoni.

Chesang aliishika. Hakuishika ilipomfikia. Alipitisha mkono juu yake, fundo la kijani akaliacha, la bluu akaliacha, akaivuta mpaka akafika kwenye fundo jekundu. Hapo akakaza vidole na kunyamaza. Fundi Daud akasema polepole, "Eh. Kumbe ana yake."

Nilishika ncha ya juu bila kuilegeza. Fundi akateremka na safari hii Chesang hakupiga kelele. Ili apande akiwa na mikono huru, fundi alimweka mgongoni na kumfunga kwake kwa sehemu ya kamba iliyobaki, kifuani na chini ya makwapa, jinsi mama anavyombeba mtoto. Alikuwa mzito na kamba ikakaza. Alama ambazo daktari ameziona kifuani mwa Chesang zilitoka hapo. Hazikutoka darasani. Fundi Daud yuko tayari kusema hivyo akiitwa. Ameniambia, "Waambie mimi ndiye nilimfunga, tena vizuri, la sivyo tungekuwa tunaimba mazishi."

Gari la kubeba mawe lilitupeleka hospitalini. Chesang hakuachilia fundo njiani, wala alipokuwa akiwekewa mguu sawa. Ndivyo askari aliyekuja hospitalini alivyomkuta, kamba mkononi na alama kifuani. Mama Chesang alikuwa ameshafika. Aliziona zile alama akauliza, "Nani alifunga mtoto yangu? Mimi nilileta yeye shule, sikuleta yeye boma ya ng'ombe." Nilitaka kumwambia, lakini watu walikuwa wengi na maneno hayakutoka. Mwalimu Mkuu hakuwa amefika bado. Mtu mmoja nyuma akasema watoto wa yuniti huzungushwa kwa kamba kila siku, kila mtu shuleni ameiona. Ndivyo kamba ilivyofika hapa mezani.

Saa kumi na moja jioni Madam Dinah alifika kutoka Bungoma kwa gari la wageni, pamoja na Mwalimu Mkuu na mama mwenye miwani. Madam alienda moja kwa moja kitandani. Mama mwenye miwani alinijia pale ukutani nilipokuwa nimesimama. Aliniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa kwenye simu?" Nikasema ndiyo. "Asubuhi niliwaona walimu wanne." Nikasema, "Watatu waliazimwa." Mwalimu Mkuu alikuwa anasikia. Mama yule alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na mimi sikuona kama ilikuwa chafu.

Mnamo Ijumaa tarehe 15, alasiri, Mwalimu Mkuu alikuja dukani kwa mama. Aliketi, akakubali chai, lakini hakuinywa. Aliniambia nitaitwa kituoni. Akasema, "Mulki, wewe ni mtoto, hakuna atakayekulaumu. Sema tu Madam aliondoka mwenyewe, na kamba ilikuwa ni mambo yake. Yeye amesomea kazi, atajitetea. Wakinitoa mimi, ile yuniti inafungwa wiki hiyohiyo. Na wewe mwaka ujao nitakuandikia barua ya chuo cha ualimu, kwa mkono wangu."

Mimi nilikuwa natazama chini. Mama alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Akasema bila kugeuka, "Mwalimu, huyu mtoto hapa nyumbani hata chumvi haombi, anakula hivyohivyo. Usimpe maneno ya watu abebe. Akifungua mdomo huko, atasema alichoona."

Mwalimu Mkuu akasema, "Mama Mulki, mimi si mtu mbaya."

Mama akasema, "Sijasema wewe ni mbaya. Kunywa chai, inapoa."

Aliinuka akaenda. Nadhani anaogopa, na nadhani anachoogopa ni cha kweli. Lakini Madam Dinah ameambiwa aripoti hapa Jumatatu kujibu shtaka la kumtelekeza mtoto na kumfunga, na mambo hayo mawili hayakutokea. Akifungiwa ndani, wale watoto hawatakuwa na mwalimu hata mmoja. Wakati ule kule ukumbini, alikuwa amesimama kuomba mtu wa pili. Mimi nilikuwa kule shuleni kwa sababu mtu huyo hakuwepo.

Koplo ameniuliza kama nina neno kuhusu ile sheria. Mimi sijui sheria huandikwa vipi. Ninajua tu kwamba mfereji na Kimaiyo na Chesang vilitaka watu wawili kwa wakati mmoja, na haikuwa siku ya ajabu. Kimaiyo huanguka kila wiki. Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, isipokuwa kamba ilikuwa imefichwa.

Ninayo maombi mawili. La kwanza, Mama Chesang asomewe mahali nilipoeleza zile alama, kwa sababu mimi nilishindwa kumwambia. La pili linahusu kamba. Jumatatu watoto watakuja shule, na mchana watataka kwenda chooni.

Hapo ndipo mwisho wa niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa yote kwa sauti. Mahali palipoandikwa "watoto walikuwa wameunganishwa kwa kamba" niliomba paandikwe "watoto hushika kamba," na pamebadilishwa. Natia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) Mulki H. Salman

Maandishi ya afisa:

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama alivyosema shahidi, nikamsomea naye akakubali. Shahidi huongea kwa sauti ya chini. Ilibidi nizime redio ya ofisi na kumwomba mwenzangu atoke. Hakubadilisha neno lolote alipoulizwa mara ya pili.

Fundi Daud na Mwalimu Nekoye waitwe kabla ya hatua yoyote dhidi ya Mwalimu Dinah Nasike. Mwalimu Mkuu aitwe pia. Mama wa mtoto atasomewa leo alasiri hospitalini, nitaenda mwenyewe.

Nimemweleza shahidi kwamba kamba ni kielelezo na haiwezi kutolewa mpaka faili ifungwe. Alisema ameelewa. Aliuliza kama anaruhusiwa kuipima. Nilimruhusu, mbele yangu. Aliipima kwa mkono, kutoka fundo hadi fundo, akitaja rangi moja baada ya nyingine, kisha akaikunja na kuirudisha mezani ilivyokuwa. Alipotoka alikuwa anaenda dukani kwa mama yake kutafuta kitambaa chekundu.

(Sahihi) Koplo Nyaruai
Kitale, tarehe 16 Juni 2007